Majarida Kumi na Moja ya Emil Dzurko

Saa tatu asubuhi ya Alhamisi, Veronica Dzurko alifungua friji mbele ya mpelelezi Rosalind Kehoe, akatoa chupa ndogo ya insulini na kuiweka mezani, kati ya sufuria iliyoungua na kikombe cha kahawa iliyopoa.

"Hii hapa," alisema. "Jumanne alijichoma sindano ya asubuhi, basi. Saa tano akavaa koti akaniambia atarudi kabla ya chakula cha jioni. Nikamviringishia kabichi kwa nyama, anavyopenda. Mpaka sasa imo ndani ya oveni. Sijaigusa."

Kehoe aliandika kwenye daftari: saa arobaini na sita. Daktari wa Emil Dzurko alikuwa amemwambia kwa simu bila kuzungusha maneno. Mzee wa miaka sitini na minane, bila insulini, ana siku mbili. Tatu akibahatika. Kwa baridi ya Februari hii, bora hata hiyo ya tatu isitiwe kwenye hesabu.

Na Jumatano yote ilikuwa imepotea bure. Wiki iliyotangulia, mnunuzi mmoja wa Pittsburgh alikuwa amempigia Emil simu mara nne akiyataka majarida yake yote kwa mpigo, na mara ya nne akamtukana. Kehoe alimsaka mtu huyo kutwa nzima, akaja kumkuta kalala wodini, mguu ndani ya plasta tangu Ijumaa. Saa hizohizo askari walikuwa wakipasua barafu ya mto mjini Marlin Forge wakitafuta maiti. Walichoopoa ni baiskeli yenye kutu.

"Mama, nipeleke tena kwenye kile chumba," Kehoe alisema.

"Jana si mlikiangalia?"

"Jana tuliangalia kama kuna vurugu."

"Na hamkuiona."

"Ndiyo maana nataka kuangalia mpangilio."

Chumba kilikuwa juu ya ngazi. Kuta tatu zilikuwa zimejaa rafu kuanzia sakafuni hadi darini, na rafuni yamesimama matoleo ya *Fanusi ya Reli*, jarida la hadithi lililochapwa kila mwezi tangu 1908 hadi 1937, likauzwa kwa senti chache kwenye vibanda vya stesheni. Hadithi za madereva wa treni, wapiga telegrafu, majambazi wa mabehewa ya posta. Karatasi ilikuwa ile duni kabisa, sasa imegeuka rangi ya chai na inamegeka ukiitazama vibaya. Emil aliyekuwa mfunga breki wa treni kwa miaka arobaini alikuwa ametia kila toleo ndani ya bahasha yake.

"Wenzangu huibiwa waume na wanawake," Veronica alisema mlangoni. "Mimi nimeibiwa na karatasi kuukuu. Na huwezi hata kwenda kumvuta karatasi nywele."

Kehoe hakucheka, na Veronica hakumtarajia acheke.

Alipita rafu kwa rafu, kidole hewani. Palipotoka toleo, Emil alikuwa ameweka kipande cha kadibodi chekundu chenye tarehe. Kehoe alivihesabu mara mbili. Kumi na moja vilikuwa vya Jumanne, na vyote vimeandikwa neno moja: *kubadilishana*. Cha kumi na mbili kilikuwa cha Jumatatu. *Novemba 1929. O.P.*

"Jumanne alibeba majarida kumi na moja. Ulimwona nayo?"

"Alibeba mkoba wake wa kazini. Nikadhani ni sandwichi."

"Alichukua yaliyo bora?"

Veronica alisogea, akasoma namba, akashika kifua. "Hayo ndiyo macho yake. Angeachana na haya kwa kitu kimoja tu. Machi 1912. Ndilo toleo pekee analokosa. Baba yake alikuwa dereva wa treni; aliwaandikia wahariri barua ya kisa kilichompata kazini, wakaichapa. Mwezi huohuo boila ikamlipukia. Emil alikuwa na miaka sita. Nakala ya nyumbani iliungua na nyumba. Miaka thelathini analitafuta. Husema, 'Vera, sauti ya mzee imenitoka kabisa masikioni. Labda nikiisoma itarudi.'"

"O.P. ni nani?"

"Orville Pennock. Lakini haiwezekani. Hawasemezani tangu maonyesho ya Oktoba. Emil alimwambia mbele ya watu kwamba jalada la jarida lake la thamani ni la bandia. Na kweli lilikuwa la bandia, ila mambo mengine mtu humvuta mwenzake pembeni."

"Na hili la Novemba 1929, unalijua?"

"Nisilijue! Jumapili alipika gundi ya unga ndani ya sufuria yangu ili alibandike mgongo. Akaanza kulisoma, sufuria ikaungua. Umeiona mezani."

Kehoe alikuwa ameshafika katikati ya ngazi.

*

Orville Pennock, karani wa tiketi mstaafu, aliwafungulia mlango akiwa amevaa tai ya kipepeo, nyumbani kwake, peke yake, saa nne na nusu asubuhi. Kehoe alikuwa na askari Bruno, kijana mpana aliyelazimika kuinama kupita mlangoni.

"Sijamtia Dzurko machoni tangu Oktoba," Pennock alisema kabla hajaulizwa.

"Pole sana. Na sisi hatujamtia machoni tangu Jumanne. Majarida unayaweka wapi, mzee wangu?"

"Chini. Kuna baridi nzuri."

Chumba cha chini ya nyumba kilikuwa baridi kama kaburi. Pennock aliwasha taa, na kwa kitambo uso wake ukalainika. Ni wachache mno waliowahi kuteremka ngazi ile kutazama. Kehoe alitembea taratibu, mikono nyuma.

"Umejitahidi. Novemba 1929 unalo? Nasikia ni gumu kupatikana."

"Gumu kwa wengine." Alilitoa, akalishika kwa ncha za vidole. "Nililinunua Scranton. Miaka sita sasa."

"Naruhusiwa?"

Kehoe alilipokea likiwa ndani ya bahasha yake, akalichomoa nusu, akapitisha kidole gumba kwenye mgongo. Kisha akauinua mbele ya taa. Ulikuwa na utando mweupe. Akamsogezea Bruno puani.

"Unga," Bruno alisema.

"Gundi ya unga," Kehoe alisema. "Ya miaka sita huwa chenga. Hii inanata. Imepikwa Jumapili, na sufuria yake nimeiona leo asubuhi ikiwa imeungua. Mzee Pennock, Emil alikuja hapa Jumatatu akakupa jarida hili. Wewe ulimpa nini?"

"Nahitaji wakili."

"Unayo haki, na Bruno atakuitia. Lakini sikiliza. Yule mtu ana kisukari na insulini yake iko mezani kwa mkewe. Nikimpata hai, wewe ni mwongo. Nikimpata maiti, sijui utakuwa nani, na si mimi nitakayeamua. Ulimpa nini?"

Pennock alikaa juu ya sanduku. "Anwani," alisema. "Nilimpa anwani tu."

"Ya nani?"

"Mjane mmoja. Bibi Amsler. Mumewe alikuwa wakala wa stesheni kule Cutler Summit, ile reli ya tawi iliyofungwa. Ana sanduku la majarida ya zamani. Nilimwambia Machi 1912 limo."

Simu ilikuwa ukutani, juu ya ngazi. Kehoe alimpigia mama wa posta wa bonde lile, akauliza swali moja, akasikiliza, akakata. Alirudi chini polepole zaidi kuliko alivyopanda.

"Anasema Cutler Summit haijakaliwa na mtu tangu hamsini na nane. Nyumba ya wakala ilibomolewa. Na jina Amsler hajawahi kulibandikia stempu maishani mwake."

Pennock aliitazama sakafu.

"Hakuna mjane," Kehoe alisema.

"Hakuna."

"Umemtunga."

"Nilitaka apande mlima akute theluji tupu, arudi. Basi! Siku moja tu naye ajione mjinga, kama alivyonifanya mimi mbele ya watu mia mbili. Aupande, ashuke, anichukie. Ndiyo hesabu niliyoifanya."

"Jumanne jioni redio ilitangaza kwamba amepotea. Jumatano tulikuwa tunavunja barafu ya mto. Dirisha lako linauangalia mto, mzee."

"Niliwaona."

"Ukafanya nini?"

Pennock alilegeza tai yake. "Jumanne jioni nilishika simu. Nikasema labda yuko njiani. Jumatano asubuhi nikasema, sasa wataniuliza kwa nini sikusema jana. Kila saa ilivyopita ikawa ngumu zaidi. Afande, mimi si muuaji."

"Hilo bado linaamuliwa huko mlimani," Kehoe alisema. Alimwacha Pennock kwa askari wa zamu aliyeitwa kwa redio, akamvuta Bruno kwa mkono wa koti.

*

Walipanda kwa gari la polisi nyuma ya trekta la kusukuma theluji, kilomita kumi na moja kwa mwendo wa ng'ombe. Kehoe alikuwa akiitazama saa yake kila kona mpaka Bruno akamwambia, "Mama, ukiitazama haipungui." Saa sita na nusu trekta likasimama. Mbele, ndani ya mtaro, paa la gari la kijani la Emil lilikuwa limejitokeza kama mgongo wa chura.

Bruno alichimba kwa mikono. Gari lilikuwa tupu. Funguo zilikuwa mahali pake, tangi halina hata tone. Emil alikaa na injini ikiunguruma mpaka petroli ikaisha. Mkoba haukuwemo. Theluji ya siku mbili ilikuwa imefuta nyayo zote.

"Aliteremka na barabara," Bruno alisema. "Mtu yeyote angeirudia njia aliyojia. Tupange watu kutoka hapa hadi chini, wachome theluji kwa fimbo."

"Mtu yeyote, ndiyo." Kehoe alikuwa ameipa barabara mgongo. "Emil alifunga breki milima hii miaka arobaini. Nioneshe njia ya reli ilipita wapi."

Dereva wa trekta alinyoosha mkono. Reli za tawi zilikuwa zimeng'olewa zamani, lakini tuta lake lilionekana bado kati ya miti, mstari ulionyooka, unaoteremka kwa upole.

"Inaishia wapi?"

"Chini, njia kuu. Kama kilomita mbili na nusu. Treni za makaa zinapita pale kila siku."

"Barabara ni kilomita kumi na moja na hakuna gari. Reli ni mbili na nusu na kuna treni. Wewe ungekuwa mfunga breki ungeshika ipi?"

Bruno aliinama. Alikuwa anafunga kamba za buti.

Theluji iliwafika magotini. Kehoe alianguka mara mbili, na mara ya pili Bruno alimwinua kwa ukosi wa koti bila kusimama. Baada ya dakika hamsini waliona kibanda cha mbao, kile ambacho mafundi wa njia hujikinga nacho mvua, mlango wake umeachwa wazi.

"Emil!" Kehoe aliita. "Emil Dzurko!"

Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na jiko dogo la chuma, benchi lililovunjwavunjwa, na mkoba wa ngozi umelala ubavu. Kehoe alivua glavu, akaweka kiganja juu ya jiko.

"Lina joto."

"Joto kiasi gani?"

"Kama kikombe ulichokisahau. Saa moja, zaidi kidogo."

Alipiga magoti akafungua kijimlango cha jiko. Majivu yalikuwa ya aina mbili: meusi na mazito ya mbao, na mengine mepesi, ya kijivu, yaliyopeperuka kwa pumzi yake. Aliyachota kwa mikono na kuyachuja kati ya vidole. Pini ndogo za chuma zikabaki. Alizipanga sakafuni mbilimbili.

"Afande, hatuna muda wa—"

"Kila jarida lina pini mbili. Mbao za benchi zimelowa, haziwaki bila kianzio. Kila moto ulipozimika alichoma jarida kuuwasha tena." Aliweka ya mwisho. "Pini ishirini. Amechoma kumi. Kumi na moja aliondoka nayo nyumbani. Limebaki moja, na halimo mkobani."

"Kwa nini abakishe moja na huku anakufa kwa baridi?"

Kehoe alikuwa ameshatoka mlangoni. Upande wa bondeni, theluji ilikuwa imelimwa mfereji mpana usio na alama hata moja ya mguu. Mtu alikuwa amepita pale akijiburuta kwa viwiko. Pembeni mwa mfereji, karatasi za rangi ya chai zilikuwa zimetupwa, moja hapa, moja kule, kurasa za ndani zimechanwa ili kuupunguza uzito.

"Hakulibakisha jarida," alisema. "Amebakisha jalada. Bruno, majalada ya majarida haya ni ya rangi gani?"

Bruno alielewa. "Mekundu," alisema. "Mengi ni mekundu, kama bendera ya kusimamisha treni."

Ndipo waliposikia honi, mbali, nyuma ya mlima.

"Rudi garini! Piga redio, wasimamishe hiyo treni!"

"Ni dakika hamsini kurudi!"

"Basi kimbia nami."

Walishuka kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu. Mita mia tatu za mteremko, matawi yakiwachapa usoni. Chini, reli mbili nyeusi zilikuwa zimechorwa juu ya weupe wote ule, na kando yake kulikuwa na kitu kama rundo la nguo. Rundo lilikuwa limeegemeza kifua juu ya reli ya kwanza. Mkono mmoja uliinuka, ukayumba kulia na kushoto, ukaanguka. Ulikuwa umeshika kitu chekundu.

Honi ililia tena, karibu. Kichwa cha treni kikatokeza kwenye kona.

"Emil, ondoka relini! Ondoka!"

Mkono haukusikia. Uliinuka tena, ukapepea, ukaanguka. Kehoe alisikia breki zikishika, mlio wa chuma juu ya chuma uliojaa bonde zima, mabehewa yakigongana moja baada ya jingine huko nyuma, na bado treni ilikuwa inakuja, kwa sababu treni ya makaa haisimami kwa kuombwa. Alimfikia, akamkamata kwapani. Alikuwa mzito kama gunia la mchanga uliolowa, na koti lake lilikuwa limeganda juu ya chuma. Kehoe alivuta, koti halikuachia. Bruno alimrukia kutoka upande wa pili, wakavuta pamoja, kitambaa kikachanika, na wote watatu wakaanguka ndani ya mtaro.

Kichwa cha treni kilisimama hatua sita kupita pale alipokuwa amelala.

Kehoe alimwekea sikio mdomoni. Pumzi yake ilikuwa ya haraka, ya kina, na ilinuka matunda yaliyochacha.

"Yu hai!" alipiga kelele. "Anapumua!"

Dereva aliteremka ngazi akiwa mweupe kama karatasi. Alikuwa mwanaume wa makamo mwenye ndevu, jina lake Harlan Yoder. "Nilimwona," alikuwa anasema. "Niliona chekundu, nikafunga breki zote. Nimemgonga? Niambieni kama nimemgonga."

"Hujamgonga. Mna joto huko juu?"

"Tunalo."

"Na redio?"

"Ipo."

"Basi wewe ndiye gari la wagonjwa. Waambie wakufungulie njia mpaka mjini, na daktari asimame stesheni na insulini mkononi."

Walimpandisha wakiwa watatu, na Yoder alivua koti lake akamfunika. Njia nzima Kehoe alikaa sakafuni, miguu ya mzee ndani ya sweta lake, akimwita jina kila dakika. Mara moja tu Emil alifungua macho.

"Mjane," alisema. "Sikuiona nyumba."

"Usihangaike, mzee wangu."

"Atakuwa amenisubiri."

Kehoe alitazama pembeni, akamwomba Yoder aongeze mwendo.

*

Saa kumi na moja jioni, hospitalini, daktari alitoka akiwa ameshika kofia yake ya kitambaa. Alisema Emil Dzurko ataishi. Alisema pia kwamba kifundo cha mguu kimevunjika tangu Jumanne, na kwamba vidole vitano vya miguu haviokoki, pengine sita. Veronica alisikiliza akiwa amesimama, akashukuru kwa adabu, kisha akaenda kuketi kwenye korido.

Pennock alikuwa kituo cha polisi. Alikuwa ameandika maelezo ya kurasa nne na kuomba karatasi zaidi. Mwendesha mashtaka alitaka kujua kama mzee ataweza kutoa ushahidi wiki ijayo, na Kehoe akamjibu kwa simu kwamba aulize wiki ijayo.

Alipoweka simu chini alimwona Harlan Yoder. Alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, nguo za kazi zimemjaa vumbi la makaa, kofia magotini. Zamu yake ilikuwa imeisha muda mrefu.

"Nenda nyumbani," Kehoe alimwambia. "Umeokoa mtu leo."

Yoder alitikisa kichwa. "Afande, kuna jambo halimo kwenye ripoti yangu."

"Sema."

"Jana nilipita palepale. Saa ileile. Kulikuwa na mzee juu ya mteremko, mlangoni mwa kile kibanda. Alikuwa ananipungia mikono, yote miwili." Aligeuza kofia, akaigeuza tena. "Watu hutupungia, unajua. Watoto, wazee. Mimi huwa nafurahi. Nikapiga honi mara mbili, nikampungia na mimi, nikapita."

Ni Veronica aliyenyanyuka kwenye kiti chake upande wa pili wa korido. Alikuwa amesikia kila neno. Alimwendea Yoder, mwanamke mfupi mwenye macho yaliyovimba, akasimama mbele yake kwa muda mrefu kiasi kwamba Bruno alisogea hatua moja.

"Ameamka," alisema hatimaye. "Chumba cha pili kushoto."

"Mama, mimi siwezi kuingia mle nikamtazama."

"Utaingia." Alimshika kiwiko, akamwinua kama anavyoinuliwa mtoto mkubwa. "Ila leo usimpungie mkono. Mshike."